Suruali ya Zamu

Msiniambie habari za subira. Subira nimeila asubuhi, mchana na jioni, na kama ingekuwa inanenepesha, ningekuwa nimeshapasuka. Leo naongea nikiwa na hasira zangu, na anayetaka maneno ya kubembeleza akayatafute kwingine.

Tulikuwa wanaume watatu kwenye chumba kimoja. Alikuwepo Babu, ambaye si babu wa mtu yeyote, ila aliingia chuo kwenye umri ambao wenzake wanapeleka watoto shule, na nywele za utosini zilikuwa zimeshamuaga. Alikuwepo Kizibo, mfupi, mchangamfu, mdomo haufungi tangu kuamka mpaka kulala, kwa hiyo aliyempa jina hilo alikuwa anamsanifu. Na mimi ndiye Mlingoti, kwa sababu nikisimama chumbani kichwa kinagusa waya wa kuanikia nguo. Kila mtu alikuwa na godoro lake, sahani yake na masomo yake. Suti tulikuwa na moja.

Ndiyo, moja. Babu ndiye aliyeichambua kwenye rundo la mitumba, tukala maharage matupu mpaka tukasahau ladha ya kitu kingine, ili tuilipie. Koti lilikuwa la kiasi, halimkatai mtu. Maajabu yalikuwa kwenye suruali. Huyo aliyeishona huko ilikotoka alikunjia kitambaa kingi kwa ndani miguuni, sijui alikuwa anamshonea nani. Ukikifungua chote, inanifika mimi kwenye kifundo na bado inabaki. Ukikunja kidogo, ni ya Babu. Ukikunja sana, ni ya Kizibo.

Babu akaweka sheria. Mkasi marufuku. Anayeivaa anapiga bandi, yaani anashikiza upindo kwa uzi mweupe, mishono mirefu ya harakaharaka, na akirudi anavuta uzi, upindo unafunguka, suruali inamngoja mwenzake. Tena suti ni ya kuombea kazi na kusimama mbele ya walimu, basi. Siku ya kukaanga kitunguu ilihamishiwa kwa mama wa chumba cha jirani, ikalale huko kama mgeni wa heshima, maana hakuna mwajiri anayetaka kunusa mboga yako ya jana. Tuliitunza kuliko tulivyojitunza wenyewe.

Mimi nasomea upimaji wa ardhi. Chuo kinataka kila mwanafunzi, kabla ya mtihani wa mwisho, aende kwenye kampuni akafanye kazi yenyewe kwa mikono yake. Ukikosa kampuni, unarudia mwaka. Na kampuni unaitafuta mwenyewe, wao hawahusiki. Wenzangu wenye wajomba maofisini walienda kwa wajomba zao. Mimi wajomba zangu ni wakulima, ardhi wanaipima kwa hatua. Nilizunguka mji ule nikichakaza soli, naambiwa tumejaza, rudi mwakani, acha namba yako tutakupigia, mpaka ikabaki kampuni moja tu iliyokuwa bado inachukua watu. Usaili wao ulikuwa Ijumaa asubuhi, na tangazo lilisema bila aibu kwamba asiyekuja na suti asijisumbue kuja.

Ningekuwa peke yangu ningesema potelea mbali. Lakini nyumbani yupo mdogo wangu wa kike. Chuo cha uuguzi kilishamkubali mara mbili, na mara mbili ameomba wamsogezee mbele, kwa sababu mama anauza mboga, na mboga zinasomesha mtoto mmoja kwa wakati. Tulikubaliana tumekaa sebuleni, mama akiwa shahidi: nikimaliza mimi, anaanza yeye. Nikirudia mwaka, na yeye anangoja mwaka. Kila nilipompigia simu kumuuliza hali alinijibu jambo lile lile, kwamba kaka, wewe maliza tu, mimi nipo. Hiyo mimi nipo yake ilikuwa inanikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa Alhamisi mchana nimetoka darasani, nimeoga, nimeshusha suti kwenye msumari niipige pasi kabla umeme haujakatika. Koti sawa. Nikainyoosha suruali juu ya blanketi, nikaona aliyeivaa mwisho hakuufungua upindo, nikatafuta uzi mweupe niuvute. Uzi hakuna. Pana mshono wa cherehani, wa rangi ile ile ya kijivu, umenyooka, mzuri. Nikageuza mguu wa suruali ndani nje. Kile kitambaa chote cha ziada hakikuwepo. Kilikuwa kimekatwa.

Niliishika ile suruali nikaiangalia kama mtu aliyeletewa maiti asiyemjua. Halafu nikaivaa, nikijidanganya labda macho yangu. Iliishia katikati ya mguu, nyama ya muundi yote nje. Babu alikuwa anachambua mchele mlangoni. Aliinua uso, akaniona, akaweka ungo chini taratibu, akasema nimwite Kizibo, tena nimwite kwa wema.

Sikumwita kwa wema. Nilimtoa kwa jirani alikokwenda kuchaji simu, nimemshika ukosi wa shati, anachechemea kwa vidole. Mwanzo akajidai hajui, eti labda maji yameirudisha. Suruali haijawahi kuonja maji tangu tuinunue. Nilipomsogelea akatoa ukweli vipande vipande. Jumamosi iliyopita alituambia anakwenda kusimama mbele ya walimu wake kueleza kazi yake ya mwaka, na sisi, wajinga, tukamwombea dua. Kumbe binamu yake anaoa. Kavaa suti yetu harusini, kaingia ukumbini, muziki ukamkolea, kacheza kwa kushuka mpaka chini, na suruali ikaachia makalioni mbele ya wakwe. Jumatatu akaipeleka kwa fundi cherehani aizibe. Kaipeleka hivyo hivyo, na upindo wake haujafunguliwa.

Na bandi ya upindo ule nilimpigia mimi, kwa sababu yeye akishika sindano mishono inakwenda upande kama mlevi. Nilikaa kitandani nikamshikizia vizuri, nikampima kisigino, nikamwambia ukapendeze mdogo wangu.

Nilimburuta mpaka kwa fundi. Fundi yule ana kibanda karibu na bomba la maji, mtu wa kuringia kazi yake, miwani imefungwa kwa uzi. Nilimtupia suruali mezani nikamuuliza nani kamtuma akate. Hakushtuka hata kidogo. Akaigeuza, akaupapasa ule upindo wake kama anayembembeleza mtoto, akanieleza kwamba nguo ikiletwa imepigwa bandi, bandi yenyewe ndiyo maagizo, fundi anashona palepale ilipopita na kinachozidi anakitoa ili upindo usijae. Tena bandi ilikuwa nzuri, aliyeipiga anajua. Tena upindo hakumtoza mtu, aliufanya bure kwa sababu alimwona Kizibo ni mwanafunzi.

Nikamuuliza hana mdomo wa kuuliza? Akasema Kizibo naye alikuwa na mdomo. Nikataka basi vipande vyangu, labda vitaungika. Akakuna kichwa. Vipande alishavitumia kuweka kiraka kwenye kaptura ya mwanawe, na mwana alikuwa shuleni wakati huo, amevikalia.

“Maji yakimwagika hayazoleki, kijana,” akaniambia.

“Haya hayakumwagika,” nikamjibu. “Haya yamemwagwa.”

Kizibo akafungua mdomo kusema kwani yeye ndiye aliyemwambia akate. Hapo ndipo nilipoinua mkono. Sijui ningemfanya nini. Babu alikuwa ametufuata nyuma, akaudaka ule mkono, akanikumbusha kwamba nikilala kituo cha polisi kesho siendi popote, si kwa suti wala kwa kanzu. Nikamwambia Kizibo neno moja tu, kwamba hajakata suruali, amemkatia dada yangu mwaka. Alinyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Tulijaribu kuazima. Mtaa mzima ule, nani ana suti ya mtu wa urefu wangu? Jirani mmoja alinipa suruali nyeusi inayong'aa, kiuno chake tungeingia mimi na Babu pamoja. Mwisho Babu akanifundisha ujanja: niishushe suruali kiunoni mpaka inapokomea haya, koti litafunika juu, soksi nyeusi ndefu zitafunika chini, na nikifika nitafute kiti chenye meza mbele yake. Kizibo akaleta soksi zake za kuchezea mpira, zile ndefu za magotini. Nilizichukua bila kumwangalia usoni.

Ijumaa nikaenda. Jengo la vioo, ngazi zimepigwa deki mpaka zinateleza, na pale ukumbini tumekaa vijana tumejipanga kama mitungi. Pembeni yangu alikaa mmoja amevaa suti ya buluu imemkaa kama aliyezaliwa nayo, kiatu kimechongoka. Akaniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini, hivi darubini ya kupimia unaanzaje kuisawazisha kabla ya kusoma vipimo? Nikamweleza, hatua moja baada ya nyingine, kwa vidole. Mjinga mimi. Wakati namweleza, mlango wa nje ukafunguka wakaingia wapimaji wa kampuni wanatoka kazini. Jamani, matope mpaka magotini. Suruali zimekunjwa juu kuliko yangu, mabuti yanaacha nyayo kwenye ile sakafu ya kioo, wanacheka, wanakwenda kunywa chai. Hiyo ndiyo kazi tuliyoitiwa suti. Nilitamani kusimama pale niulize suti ni ya kuwavalia vyura?

Ndani walikuwa wawili. Mwanaume mwenye kitambi na tai, wote wanamwita bwana mkubwa, na mama mmoja mhandisi, ametoka matopeni na wenzake, amekaa na mabuti yake. Meza ilikuwepo, lakini kiti changu kilikuwa mbali nayo, katikati ya chumba, kama cha mshtakiwa. Nilipokaa, suruali ikapanda. Soksi za Kizibo zilikuwa zimeshateremka njiani, zimekusanyika kwenye vifundo.

Mama mhandisi aliniuliza kazi. Aliniuliza unafanyaje ukikuta jiwe la mpaka limeng'olewa, unafanyaje ukikuta mto umehama, unamjibu nini mwenye shamba aliyekusubiri na panga. Nilimjibu yote. Wajomba zangu niliowadharau hapo mwanzo ndio walionisaidia kwenye lile la panga, maana nimeona ugomvi wa mipaka tangu sijajua kusoma. Yule mama akacheka, akamgeukia mwenzake akamwambia huyu anaijua kazi. Roho yangu ikatulia. Nikamwona mdogo wangu amevaa gauni jeupe la wauguzi, naapa nilimwona.

Bwana mkubwa alikuwa hajauliza lolote. Alikuwa anaangalia miguu yangu.

“Kijana, siku kubwa kama leo ndiyo umeamua kuja hivyo?”

Mama alishaniusia, hasira hasara. Nilimeza mate. Nikayameza tena. Yakakataa.

“Sikuamua,” nikasema. “Suruali hii ni ya watu watatu. Mmoja kaivaa harusini, fundi kaikata. Nyinyi ndio mlioitaka suti, mimi nilikuja kupima ardhi, na wapimaji wenu nimewaona hapo nje, hakuna hata mmoja ambaye suruali yake imefika chini.”

Yule mama akainamisha uso kuficha kicheko. Bwana mkubwa hakukasirika, na ingekuwa heri angekasirika. Alilegea uso, akatikisa kichwa pole pole, akataka kujua zaidi: tunalala wangapi, tunakula nini, nyumbani nani ananisomesha. Nikamwambia na habari ya mdogo wangu. Kwa nini nilimwambia? Kwa sababu mtu akikuuliza kwa upole na tumbo lako tupu, unajikuta umemwaga yote. Akasema ameguswa. Akasema nitapigiwa simu.

Jumatatu simu ikaita kweli. Katibu wake, sauti laini, ananiambia bwana mkubwa anataka nifike ofisini saa nne. Nikamuuliza ni habari njema? Akasema njema sana. Nani angengoja kuambiwa zaidi? Nilimpigia mdogo wangu palepale nimesimama kwenye foleni ya maji, nikamwambia mwambie mama, wameniita. Nikasikia mama akipiga vigelegele katikati ya soko, na wauza nyanya wakimwitikia bila kujua wanashangilia nini. Chumbani Babu alinipa mkono. Kizibo alilia. Nikamsamehe nusu.

Ofisini bwana mkubwa alinikalisha kwenye kiti cha ngozi, nikaletewa chai. Akaniambia tangu Ijumaa hakupata usingizi, kila akifumba macho anaiona miguu yangu. Akainama nyuma ya meza akatoa mfuko mkubwa, akafungua zipu mwenyewe. Suti. Nyeusi, nzito, kitambaa cha pesa, aliyoivaa mwenyewe alipokuwa bado mwembamba. Na ilikuwa ndefu, maana alikuwa mrefu pia, sikuwa nimelitambua hilo siku ile kwa sababu hakuwahi kusimama.

Nilimshukuru. Mtu akikupa kitu unashukuru, ndivyo tulivyolelewa. Nikangoja. Akawa ananitazama, anatabasamu, amemaliza.

“Na nafasi, mzee?”

“Nafasi zilijaa Ijumaa ile ile,” akasema. “Lakini mwakani, ukija umevaa hii, hakuna wa kukukataa.”

Mwakani. Aliitamka kama mtu anayekukatia kipande cha pili cha keki. Nilitaka kumuuliza kama anajua mwakani ya kwetu inaliwa na nani. Nilitaka kuiacha ile suti pale juu ya chai yake. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye njaa hawezi kuacha suti nzima juu ya meza. Niliibeba. Kwenye ngazi nilipishana na yule wa kiatu kilichochongoka, kakumbatia ovaroli mpya na mabuti, yamekabidhiwa sasa hivi. Suti ya buluu hakuwa nayo tena, kaja na fulana. Akaniamkia kwa furaha, akanishukuru kwa yale maelekezo ya darubini, eti waliyauliza kama yalivyo.

Nilitembea mpaka chumbani, mfuko begani, jua la kichwa. Babu aliuona akaelewa kabla sijasema. Kizibo aliuona akafurahi, akasema si nilikwambia Mungu halali, halafu akaona uso wangu, akaenda kukaa mwisho wa godoro lake.

Simu nilipiga mwenyewe. Nilijua atakavyojibu, na nilikuwa nimeshajiandaa kuipokea ile mimi nipo yake, na kuichukia. Akapokea anacheka, nyuma yake soko lote.

“Kaka, wamekupa?”

“Wamenipa suti.”

Akadhani natania. Nikamweleza yote, chai, mfuko, zipu, mwakani. Nilieleza kwa kelele, namtukana bwana mkubwa, namtukana fundi, namtukana Kizibo anayenisikia, nikamwambia ni mwaka mmoja tu mdogo wangu, avumilie, mwaka si kitu. Aliniacha nikamaliza. Sauti za soko zikapungua, nadhani alisogea pembeni.

“Mimi sivumilii tena,” akasema. “Nimevumilia mara mbili na hukuwahi kuniuliza kama nina hasira. Muhula ujao naingia mimi, mama nimeshamwambia. Wewe una suti kaka, mimi sina hata hiyo.”

Hakupaza sauti. Alinitakia mchana mwema, akakata.

Nilikaa na simu mkononi, natafuta wa kumkasirikia. Niliwapitia wote mmoja mmoja, nikarudi kwake, na kwake sikupata pa kushika, kwa sababu alilosema ni kweli na zamu ilikuwa yake. Babu alikuwa na usaili wake Jumatano. Akauliza kwa sauti ya chini kama suti hii mpya ni yangu peke yangu au ni ya chumba. Nikamwambia alete uzi mweupe, asimame juu ya kiti. Kizibo akanishikia taa ya simu. Niliukunja upindo, nikampima Babu kisigino, nikaanza kupiga bandi, na nilivuta kila mshono kwa nguvu kiasi kwamba Babu aliniomba taratibu, nitakichana kitambaa.